Siku Do Ilipohama



Nina gitaa. Nililinunua kwa pesa ya alizeti, la mtumba, uzi mmoja ukiwa umekatika. Miezi mitatu ya kwanza nilijua kodi tatu tu (siyo zile za TRA, za gitaa): G, C na D. Na kwa hizo tatu, jamani, nilijiona mwanamuziki. Nyimbo nyingi za kwaya yetu ya kigango zinaenda nazo. Mwalimu akiandika juu ya karatasi kwamba do ni G, mimi nateleza tu. Vidole vilishakariri vikae wapi. Ungeniuliza kidole changu cha pete kimebonyeza noti gani, nisingejua, wala sikuona sababu ya kujua.

Halafu Bibi akafariki.

Tulimzika kijijini kwetu, huku wilaya ya Ikungi. Upepo wa Singida mnaujua, ulikuwa unapeperusha hadi vitambaa vya akina mama. Nikaombwa nipige gitaa wakati wa kwenda kaburini. Lakini msibani hakuna anayengoja do ya mwalimu. Mama mmoja alianzisha wimbo pale sauti yake ilipoangukia, wote wakaitikia. Haikuwa G. Nikajaribu G, nikajaribu C, kelele tupu. Nikalishusha gitaa, nikatembea nalo kama mtu aliyebeba jembe.

Usiku, binamu yangu mdogo akaniuliza: "Kaka, Bibi sasa yuko wapi?" Nikamjibu vizuri sana, jibu lile lile nililokariri wakati wa mafundisho ya Kipaimara. Akaniangalia. "Umejuaje?" Hapo nikakwama. Kaburini nilikwama kwa vidole, pale nilikwama kwa imani, na kwangu ilikuwa aibu moja.

Rafiki mmoja alinishauri ninunue kapo, kile kibanio cha shingoni mwa gitaa. Ushauri mzuri, lakini kapo nayo inauliza: uibane wapi? Nikaamua kujifunza shingo yenyewe. Nilianza na uzi mnene, ule wa juu ukishika gitaa. Ukiuacha wazi ni E. Ukibonyeza nafasi ya kwanza ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C, ya 10 ni D, na ya 12 unarudi E. Mwanakwaya ana bahati hapa: E na F zimekaa jirani bila nafasi katikati, B na C vilevile, kama mi na fa, kama ti na do. Uzi mwembamba kabisa wa chini nao ni E, kwa hiyo ukiujua mmoja umezijua mbili. Wiki moja, uzi mmoja. Nabonyeza, nataja jina kwa sauti, nakosea, narudia. Mdogo wangu alidhani nimechanganyikiwa.

Inachosha, siwadanganyi. Haina makofi hata kidogo.

Katika siku hizo nikasoma 1 Samweli sura ya 16. Sauli anateseka rohoni, anatafutwa mpiga kinubi, na mtumishi mmoja anasema ameshamwona kijana wa Yese ajuaye kupiga. Ameshamwona! Yaani siku Daudi anaitwa kwa mfalme, ujuzi ulikuwa tayari mikononi. Alijifunzia wapi, sura hiyo haituambii. Inatuambia tu kwamba walipomfuata alikuwa na kondoo. Mateso ya Sauli hayakumngoja Daudi akatafute noti.

Basi na sala nikaifanyia hivyo hivyo. Rozari nilikuwa naikimbiza kama G-C-D. Nikachukua tendo moja kwa wiki, nasoma Injili yake kwanza, najiuliza nani yuko pale na anaogopa nini. Kuna wiki nilibaki nasinzia tu.

Juzi tulikuwa na Misa ya kumwombea Bibi. Baada ya Misa akina mama wakaanzisha wimbo, wapi? Popote walipopenda, kama kawaida yao. Nikaitafuta do taratibu kwenye uzi mnene: nafasi ya 6, kati ya A na B. B flati. Ubeti wa kwanza ulinipita wote. Wa pili nikaingia, kidole cha kwanza kikiwa kimelala juu ya nyuzi zote sita na kuuma kweli kweli. Binamu yangu alikuwa amekaa karibu, anaangalia vidole.

Swali lake bado sijalimaliza. Nilimwambia hivyo, kwamba sijui kila kitu, ila tutafute pamoja. Sasa kila Jumapili tunasoma Yohana sura ya 11, aya chache chache. Tumefika pale Yesu anapolia machozi kwa ajili ya Lazaro. Dogo kaniuliza kwa nini alie wakati anajua atamfufua. Tumeishia hapo, tutaendelea Jumapili.