Mashine Siku ya Kupimwa

Saa nane usiku, Jumamosi, niliua kazi ya mtu. Ilikuwa programu ya kukokotoa mvua za masika, na ilikuwa siku yake ya tatu kwenye kompyuta ya chuo chetu. Niliandika amri moja fupi, nikabonyeza, ikakata roho. Niliihitaji mashine ikiwa tupu kwa sababu nilikuwa naipima.

Mashine yenyewe si kubwa: nodi 4, kila moja na kumbukumbu ya gigabaiti 64. Msimamizi wangu alitaka namba ya kuweka kwenye ripoti ya kuombea fedha, na ripoti ilitakiwa Jumatatu. Nilikuwa nimepakua msimbo wa HPCC, mkusanyiko wa vipimo saba uliobuniwa chini ya mradi wa DARPA wa Marekani, nikaukompaili mwenyewe. Kipimo maarufu kati ya hivyo saba ni HPL. Kinaipa mashine mfumo mkubwa wa milinganyo iutatue, kisha kinatoa idadi ya hesabu ilizofanya kwa sekunde. Ndicho kinachopanga orodha ya TOP500, inayotoka tangu 1993.

Mara ya kwanza niliunganisha maktaba ya hesabu ya BLAS ile ya mfano, iliyoandikwa ili ieleweke kuliko ili ikimbie. Mashine ikatoa chini ya asilimia 4 ya uwezo wake wa kinadharia. Nikakompaili OpenBLAS kwa ajili ya vichakataji vyetu hasa. Kwa wiki mbili nikajaribu ukubwa wa kipande cha hesabu, NB: 128, 192, 256. Majaribio hayo niliyafanya kwenye nodi tatu, kwa kuwa wenzangu walikuwa wakifanya kazi zao. Usiku ule wa mwisho nilichukua zote nne. Nikaweka N, ukubwa wa mfumo, kuwa 165,000 ili ijaze karibu asilimia 80 ya kumbukumbu yote, nikapanga michakato 8 kwa 8, nikangoja chini ya saa moja. Likatokea neno PASSED, na namba: asilimia 74.

Mashine ni ile ile na umeme ni ule ule. Ipi ilikuwa namba ya kweli, 4 au 74?

Sidhani kwamba kunoa ni kudanganya. Ile asilimia 4 nayo iliisingizia mashine uvivu uliokuwa wa msimbo wangu. Tena HPL ina walinzi wake: hukagua jibu, na likikosa usahihi kipimo hakipiti. Sheria za orodha zinadai usahihi wa biti 64, na zinakataza njia ya mkato ya Strassen inayopunguza idadi ya hesabu.

Lakini sote tunalijua kopo la sokoni lililobonyezwa kitako. Mchele umejaa hadi juu, kila punje ni ya kweli, na bado umeibiwa. Nikajiuliza bonyeo langu lilikuwa wapi.

Jibu nililolipata ni la mtu wa kawaida: kinachobaki kesho ndicho cha kweli. OpenBLAS ilibaki, na kila anayeitumia mashine ile sasa anafaidika nayo. Huko ni kunoa. Lakini kumbukumbu yote kupewa mtu mmoja, na nodi zote kuwa tupu, ni hali ambayo hakuna mwanafunzi atakayeikuta tena. Vipimo vingine vilikuwa vikiniambia hivyo hivyo. STREAM, kinachopima kasi ya kumbukumbu kuvilisha vichakataji, hakikusogea kwa wiki zote mbili, na programu ya mvua inategemea kasi hiyo zaidi. Hata wakubwa wako hivyo: mwaka 2020, Fugaku ya Japani ilipata petaflopsi 442 kwa HPL, lakini 16 tu kwa HPCG, kipimo kinachofanana zaidi na kazi nyingi za kisayansi. Na HPCG alishiriki kuibuni Jack Dongarra, yule yule aliyeanzisha kipimo cha Linpack. Ndiyo maana nakiheshimu.

Mtu ataniuliza: mkimbiaji je? Rekodi huwekwa kwenye njia tupu, na hakuna anayelalamika. Kweli, kwa sababu kila mtu anajua njia ilikuwa tupu. Basi kosa ni kunyamaza, na mstari mmoja kwenye ripoti unalitibu. Nakubali nusu. Mkimbiaji hamsukumi nje mtu aliyekuwa njiani kwa shughuli zake. Kosa hilo halitibiwi na maelezo chini ya jedwali.

Jumatatu asubuhi mwenye kazi ya mvua, dada wa mwaka wa pili, alinifuata maabara.

"Kaka, kazi yangu imekwenda wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: umeme ulikatika. Kwetu hakuna ambaye asingeusadiki. Nikamwambia kweli. Hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniambia Ijumaa, ningeihifadhi ilipofikia." Hapo ndipo nilipoona kwamba kumwambia kungenigharimu ujumbe mmoja tu wa simu. Sikuutuma kwa kuhofia angekataa.

Kwenye ripoti niliandika matokeo yote saba, na mstari kwamba kipimo kilifanyika baada ya kuwaondoa watumiaji. Mwalimu hakuufuta. Ila kwenye jalada aliweka 74 peke yake, nami sikusema neno. Bado sijajua kama kunyamaza kule kunahesabika.

Kazi ya mvua ilianza upya jioni ile ile, ikaisha Ijumaa. Wiki hiyo hapakuwa na mtu anayeipima mashine.