Swala isiyo na sijda

Swala ya jeneza haina rukuu wala sijda. Unasimama, takbira nne, unatoa salamu, basi. Nilisomeshwa hayo chuoni nikiwa mtoto, nikayahifadhi pamoja na mengine, na wala sikufikiri kwamba siku moja hiyo ndiyo ingekuwa swala pekee ninayoiweza.

Kaka yangu alikuwa ndani ya meli ya Spice Islander. Ilizama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba, haijatimia wiki mbili tangu Idi. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliokufa na waliopotea walipindukia 1,500. Maiti zilizoopolewa zilikuwa mia mbili na kitu. Ya kwetu haikuwamo.

Msiba usio na maiti hata kuuanza ni tabu. Hakuna wa kuoshwa, hakuna wa kukafiniwa, kaburi la kulizuru hakuna. Watu walikuja, tukasoma hitima, wakala, wakaondoka wakituambia kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Mama aliipokea kauli hiyo akaishika. Mimi ilinichoma. Nilimtaka kaka, sikutaka shahidi.

Sikukufuru kwa mdomo. Niliacha tu. Adhana ikilia natafuta kazi: mara nafunga mbuzi, mara nachambua karafuu. Kilichonishinda hasa kilikuwa kuweka paji la uso chini. Kusujudu ni kukubali, na mimi sikuwa nimekubali. Mama aliliona hilo, hakuniuliza. Jirani yetu mmoja, mtu mwema, alikuwa akinipitia kila Ijumaa na mawaidha ya subira, hadi nikawa namkwepa kwa njia ya nyuma. (Mawaidha kwa mfiwa yana wakati wake, na mara nyingi si ule anaouchagua mwenye mawaidha.)

Tarehe 18 Julai 2012 meli nyingine, Skagit, ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Ramadhani ilikuwa imebakisha siku mbili tatu. Mara hii msiba uliingia nyumba ya jirani yule yule: mpwa wake. Nilikwenda kumpa mkono wa pole nimejiandalia maneno, nilipofika yote yakanipotea. Hakunipa mawaidha siku hiyo. Alinishika mkono, akasema: "Twende ukatusaidie kusimama, ndugu yangu. Hatujampata, tunamswalia ghaibu."

Utamkataliaje mtu ombi kama hilo? Nikatawadha, maji yale yale niliyokuwa nikiyachukia, nikaingia safu ya pili. Imamu akatoa takbira. Baada ya takbira ya tatu ndipo maiti huombewa dua; nikamwombea yule kijana niliyemjua kwa sura tu, kisha nikamtia na kaka, kwa jina lake, mara ya kwanza tangu azame. Hakuna aliyenitaka niiname. Nililia wima.

Watu hupenda kusikia kwamba hapo moyo ulifunguka, nuru ikaingia. Kwangu haikuwa hivyo. Hasira niliyoingia nayo msikitini ndiyo niliyotoka nayo, ila sasa nilikuwa nimeipeleka kwa Mwenyewe, badala ya kuzunguka nayo nje ya mlango wake. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hadi macho yakaingia weupe, na hakuvuliwa unabii kwa machozi yale. Kisa hicho nilikijua tangu utotoni. Nilikuwa nakisikia kama kisa cha Yusuf.

Mwezi ulipoandama nilifunga. Tarawehe sikwenda, sikuwa tayari kuonekana. Siku ya saba au ya nane, alfajiri, niliswali peke yangu ukumbini, nikafika chini. Nilikaa huko kitambo kirefu. Mama alikuwa akikusanya vyombo vya daku. Aliniona, akaenda uani kuviosha.