Ghala Likilipuka, Tusimsingizie Mungu

Ghala la mahindi likilipuka wakati wa kufukiza, hatukawii kusikia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Maneno hayo hufariji, na simlaumu mfiwa anayeyashika. Yakitoka kinywani mwa mwenye ghala, yanamtwisha Mungu mzigo wa mtu. Vidonge vya aluminiamu fosfaidi, vinavyotumika Afrika Mashariki kuua fukusi na dumuzi, vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1. Kwamba ni sumu, wengi wanajua. Kwamba inawaka, wachache. Ikifikia takriban asilimia 1.8 ya hewa inaweza kulipuka, na wakati mwingine hujiwasha bila kiberiti. Kipimo halali kikitandazwa vizuri, hewa ya ghala haifiki huko. Hatari huzaliwa vidonge vinaporundikwa mahali pamoja au vinapolowa kwa paa linalovuja: gesi hutoka kwa kasi, joto hupanda, moto huruka. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana vidonge vingi vimechanganywa na amonia kabameti, ambayo hutoa amonia na kabonidayoksaidi ili kupunguza uwezekano wa moto. Jambo ambalo kinga yake imetiwa ndani ya kidonge chenyewe haliwezi kuitwa siri ya Mungu.

Muumini atajibu kwamba siku ya mtu imeandikwa, naye angekufa hata kitandani. Sipingi kadari. Lakini dini zetu haziitumii kufuta wajibu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume Muhammad anamwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Sababu nazo zimo katika hicho kilichoandikwa.

Pingamizi zito zaidi ni la kibarua aliyemwaga vidonge vyote kwenye kona moja bila kujua, maana maelezo ya kopo yako kwa lugha asiyoisoma. Ni kweli, asiyejua hahukumiwi sawa na anayejua. Ila hatia ikimwondokea yeye haipotei hewani. Inamwendea aliyejua akanyamaza, na aliyeweza kujua akaona elimu hiyo ni gharama. Basi muuzaji amweleze mnunuzi kwa lugha anayoielewa, na mwenye ghala asimtume mtu kufukiza kabla hajafundishwa kuvitawanya vidonge na kuvikinga na maji.