Kumjua Mtendaji kwa Athari Zake

Wanazuoni wa ilimu ya kalam, yaani ya kuitetea itikadi kwa hoja, walilishughulikia kwa karne nyingi suali moja zito, nalo ni kama akili iliyoiona athari peke yake yaweza kumjua kwa yakini aliyeisababisha. Na leo suali hilohilo limezuka ndani ya bakteria wa matumboni aitwaye Escherichia coli, mahali ambapo hata Imamu Ghazali, aliyekana kwamba moto na kuungua kwa pamba vimefungamana kwa lazima, asingelitarajia kulikuta. Simfananishi Muumba na kiumbe chochote, hasha; naitazama njia ya akili tu.

Bakteria huyo ana jeni zipatazo 4,300, na zipo protini mamia ambazo amali yake ni kuziamrisha jeni hizo zitende au zinyamaze. Mtu angedhani kwamba kuipima protini yenyewe kwatosha kuujua utendaji wake, na sivyo. LacI, izuiayo jeni za kuvunja sukari ya maziwa, wingi wake haubadiliki sana, sukari iwepo au isiwepo. Kinachogeuka ni hali yake, kwani sukari hiyo, ikisha kubadilishwa kidogo ndani ya bakteria, huishika nayo ikaiachia DNA. Basi aliyezipima RNA, yaani nakala zitolewazo na jeni zinapotenda, hana budi kuutafuta utendaji wa mtawala, yaani protini, kwa raia zake, yaani jeni.

Lakini raia mmoja aweza kuwa na watawala wawili. Jeni hizohizo zahitaji pia kuchochewa na protini nyingine, CRP, ambayo huamka glukosi inapopungua. Zikichangamka, ni LacI iliyoachia au ni CRP iliyozidi nguvu? Hesabu tupu hukubali majibu yasiyo na ukomo, mpaka mtafiti awe na ilimu iliyotangulia ya nani humtawala nani, apate kuziangalia jeni nyingine zilizo chini ya CRP ambazo LacI haizigusi. Hapa ndipo ninapoachana na wanaodai kwamba athari hujisemea zenyewe.

Hata ilimu hiyo ikiwapo, athari ina mpaka wake. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walikithibitisha kizuizi hicho, LacI, kwa kutazama bakteria wenye jeni zilizoharibika, pasi na kukishika, na wakaelekea kudhani kuwa ni RNA. Kuwako kwake na amali yake walivipata sawasawa. Dhati yake ilingoja hadi 1966, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walipokitoa ndani ya bakteria wakaona kuwa ni protini.