Ritifaa Iliyokosekana

Oktoba 2020, dalali mmoja wa nyumba katika jimbo la New South Wales, Australia, aliingia Facebook akiwa na hasira. Alimlaumu mwajiri wake wa zamani kwamba anauza nyumba za mamilioni ya dola lakini halipi michango ya pensheni, ambayo sheria ya kule inamtaka kila mwajiri amchangie mfanyakazi wake. Katika ujumbe huo aliandika "employees", bila ritifaa. Hazikupita saa 12 akaufuta ujumbe, lakini alishachelewa. Mwajiri alimshtaki kwa kumchafulia jina.

Dalali aliiomba mahakama iitupe kesi. Oktoba 2021 Jaji Judith Gibson wa Mahakama ya Wilaya ya jimbo hilo alikataa, na ugumu mmoja aliouona ulikuwa katika neno lile lile. Lingeandikwa "employee's", msomaji angeelewa kuwa anayezungumziwa ni mfanyakazi mmoja, na kutomlipa mmoja kunaweza kuchukuliwa kuwa bahati mbaya. "Employees" ni wengi, na kutowalipa wengi kunaonekana kuwa jambo la makusudi. Kesi ikaendelea.

Ritifaa peke yake isingemponya dalali yule, kwa kuwa anayemtuhumu mtu hadharani hujitia matatani hata kama sarufi yake ni safi. Wala uamuzi ule haukusema nani mkweli kati yao. Hata hivyo, alama moja ingeishusha tuhuma kutoka kwa wafanyakazi wengi hadi kwa mmoja, na hiyo si tofauti ndogo mbele ya jaji.

Sisi tunaoandika Kiingereza kila siku kazini tuna sababu ya kuogopa zaidi. Kiswahili kimetuzoesha kuamini sikio. Ritifaa ya ng'ombe inasikika. Ukiiondoa, anayesoma kwa sauti atajikwaa papo hapo. Ritifaa ya umiliki katika Kiingereza haisikiki kabisa. "Employees", "employee's" na "employees'" hutamkwa sawasawa, kwa hiyo hata ukiisoma barua yako kwa sauti mara kumi hutaligundua kosa. Hapa kazi ni ya jicho.

Chukua muhtasari wa kikao cha SACCOS. Katibu anaandika kwamba kikao kimekubali "the member's savings" ziwe dhamana ya mkopo. Hiyo ni akiba ya mwanachama mmoja. Akiandika "the members' savings", ameweka rehani akiba ya wanachama wote. Siku mkopaji akishindwa kulipa, muhtasari huo ndio utakaofunguliwa mezani, na hakuna atakayemuuliza katibu alikusudia nini.

Njia ya kujikinga ni kuanza na mwenye mali. Mwandike kamili kwanza, bila kufikiria alama: "member" kama ni mmoja, "members" kama ni wengi. Kisha weka ritifaa pale neno lake linapoishia. Mmoja ataongezewa "s" baada ya ritifaa; wengi ambao tayari wanaishia na "s" hawahitaji nyingine. "Children" na "women" ni wingi usio na "s", kwa hiyo utaandika "children's" na "women's". Wengi huandika "childrens'", na nimeiona hata kwenye vibao vya zahanati.

Pasipo na mwenye mali, usiweke ritifaa. Bei za nyanya ni za "tomatoes", si "tomato's". Na "its" yenye maana ya umiliki haina ritifaa, kama zisivyo nayo "hers" na "yours". "It's" ni kifupi cha "it is" au "it has". Hapo simu itakudanganya, maana mara nyingi huiweka alama yenyewe bila kuulizwa. Kabla ya kutuma, rudi kwenye kila "it's" uisome "it is" au "it has". Sentensi ikikataa zote mbili, futa ritifaa.