Mtumishi Adaiwa Nini na Bwana Wake?



Kuna malalamiko mawili juu ya kazi ambayo husikiwa katika kila mji na kila kijiji. Wenye kuajiri watu wasema, "Watumishi wa siku hizi hawana uaminifu. Umfundishe mtu kazi miaka mitatu, umpe mshahara na mahali pa kulala, na siku atakapoitwa na mwingine kwa fedha kidogo zaidi, atakwenda zake asigeuke nyuma." Nao waajiriwa hujibu kwa mithali ya wazee: Tumikia kafiri upate mradi wako. Maana yake, fanya kazi upate ujira, na moyo wako uuweke mbali.

Malalamiko hayo yaonekana kupingana, lakini yana mzizi mmoja. Pande zote mbili hazijajua yakini ni kitu gani mtumishi adaiwa na bwana wake zaidi ya kazi aliyolipwa. Jambo hili lawagusa wengi katika sharika zetu, maana kati yetu wamo waalimu, wauguzi, makarani, madereva na vibarua, na tena wamo wengi wenye watu wanaowatumikia. Kwa hiyo yafaa tulitazame kwa utaratibu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Uaminifu, imani na amana ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyotoka katika Kiarabu. Amana ni mali ya mwenzako uliyowekewa uitunze mpaka atakapoitaka. Basi mwaminifu ni mtu ambaye waweza kumwekea amana, ukaenda safari, ukarudi na kuikuta kama ulivyoiacha. Kwa hiyo uaminifu si sawa na utii. Mtii hufanya aliyoamriwa maadamu mwenye amri asimama karibu. Mwaminifu hulinda alichokabidhiwa hata ikiwa mwenye mali yuko mbali. Tena amana haimhusu mtu mmoja. Yuko awekaye, na yuko awekewaye. Bwana ambaye humshuku mtumishi wake tangu asubuhi hata jioni, akihesabu vijiko na kumpekua mfuko mlangoni, hajamwekea amana yo yote. Basi hana haki ya kushangaa akiona kwamba hapati uaminifu.

Katika nchi yetu uaminifu uliwahi kutafutwa kwa nguvu. Wakati wa Wadachi, na baadaye wakati wa Waingereza, mashamba ya mkonge ya upande wa Tanga yalihitaji watu maelfu, na wengi waliletwa kwa mkataba kutoka nchi za mbali. Hao ndio walioitwa manamba. Mtu alipewa kipande cha siku 30, na kila siku aliyotimiza kazi yake kikatiwa alama, na ujira ukalipwa kipande kilipojaa. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitoa sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, na kwa sheria hiyo mtu aliyetoroka kazini kabla ya kutimiza mkataba wake alihesabiwa kuwa mhalifu, aweza kushtakiwa na kuadhibiwa. Sheria hiyo iliweza kumrudisha mtu shambani, lakini haikuweza kuurudisha moyo wake. Utoro haukwisha. Na mwaka 1947 wapakizi wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ule ulienea hata bara kwa kufuata njia ya reli. Wenye mamlaka waliokuwa wakidhani kwamba kunyamaza kwa watu ni dalili ya kuridhika waliona kumbe sivyo.

Wengine hutaka kuununua uaminifu. Mshahara mwema ni haki ya mtenda kazi, wala msomaji asidhani naudharau. Lakini mshahara hununua saa za mtu na ustadi wake. Aliyekuja kwa ajili ya shilingi tu ataondoka kwa ajili ya shilingi, wala hakuvunja agano lo lote, maana hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yao tangu mwanzo. Hata sifa hazitoshi. Wahenga walikwisha kuona kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hata hivyo liko neno moja la kuangaliwa: mshahara hauwezi kununua uaminifu, lakini mshahara unaocheleweshwa waweza kuuua.

Tumkumbuke Yakobo katika nyumba ya Labani. Alimtumikia mjomba wake miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na miaka 6 kwa ajili ya wanyama. Katika shauri lao la mwisho Yakobo alieleza jinsi alivyovumilia joto la mchana na baridi ya usiku, na jinsi mnyama aliyeraruliwa na wanyama wa mwitu alivyohesabiwa kuwa hasara yake mwenyewe. Tena alimkumbusha Labani kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Kazi ya Yakobo ilikuwa njema, na Labani mwenyewe alikiri mapema kwamba amebarikiwa kwa ajili yake. Lakini mwisho wa habari hii ni nini? Yakobo aliondoka kwa siri, na Labani akamfuata siku saba kwa hasira. Bwana aliyekuwa na mtumishi mwema kuliko wote alimpoteza, kwa sababu alitaka kuwekewa amana bila kuwa mtu wa amana mwenyewe.

Basi, kama uaminifu hautoki katika nguvu wala katika fedha peke yake, watoka wapi? Nadhani hutoka hapa: mtu atambue ni nani atakayeumia kazi yake ikiharibika. Fundi mwashi apunguzaye saruji katika mchanganyiko amwibia mwenye jengo, lakini ukuta utakapoanguka hautamwangukia mwenye jengo; utawaangukia watoto wa shule. Muuguzi alalaye zamu ya usiku hamdhulumu mganga mkuu, bali mgonjwa aliyeita asijibiwe. Dereva wa basi aendeshaye akiwa na usingizi hamchezei mwenye gari, bali abiria walionyamaza nyuma yake. Nyuma ya bwana yuko jirani, na mara nyingi jirani huyo hana jina kwetu. Martin Luther alifundisha jambo hili wazi, kwamba kazi ya mshona viatu na ya mama wa nyumbani ni wito kweli kweli, si wito wa mapadre na watawa peke yao, kwa kuwa kwa kazi hizo jirani huhudumiwa. Mtu aliyelifahamu neno hilo hufanya kazi njema hata chini ya bwana mbaya, si kwa kumpendeza bwana, bali kwa sababu amana aliyoshika si ya bwana peke yake.

Lakini hapa yapasa tuseme kwa uangalifu, maana fundisho hili jema limepata kutumiwa vibaya. Wako wasimamizi ambao, mtenda kazi akiuliza mshahara wake wa miezi mitatu iliyopita, humwambia, "Ndugu, kazi hii ni wito, si ajira." Na maneno hayo husemwa sana mahali ambapo wito wahubiriwa: katika shule, katika zahanati, na katika ofisi za sharika zetu wenyewe. Mwinjilisti akiomba nauli ya kwenda mitaani huambiwa avumilie kwa ajili ya Bwana, naye aliyemwambia hakukosa posho yake ya kikao. Wito ni neno ambalo mtu hujisemea mwenyewe mbele ya Mungu. Halimpi mwingine ruhusa ya kumzuilia haki yake. Torati iliwaagiza Waisraeli wampe maskini ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa. Wala haikuongeza neno kwamba, akiwa mcha Mungu, yaweza kungojwa hata mwezi ujao.

Yabaki maswali mawili ambayo watu huuliza mara nyingi.

La kwanza: Je, mtumishi mwaminifu aweza kumwacha bwana wake? Aweza. Mtumishi si mke wala mtoto wa bwana wake, wala hakufungwa naye hata kufa. Uaminifu wake huonekana katika namna ya kuondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yataka mkataba wa mshahara wa mwezi usivunjwe bila taarifa isiyopungua siku 28, na neno hilo lawafunga wote wawili, aondokaye na aondoaye. Aondokaye kwa uaminifu hutoa taarifa, hukabidhi funguo na vitabu vya hesabu, humwonyesha anayeingia mahali pa kila kitu, wala hachukui majina ya wanunuzi wa bwana wake mfukoni. Yakobo alikuwa na sababu njema za kuondoka, lakini kule kuondoka kwa siri nusura kulete umwagaji wa damu. Tena sheria hiyo hiyo yampa mwajiriwa aliyeachishwa kazi, ambaye hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu, malipo ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika, hata miaka 10. Maana yake, hata wenye kutunga sheria wametambua kwamba miaka ya utumishi huacha deni, na aliyepokea miaka hiyo hawezi kujifanya kana kwamba hakupokea kitu.

La pili: Je, mtumishi mwaminifu huficha mabaya ya bwana wake? Hapa yapasa kupambanua siri na uovu. Siri za nyumba na za biashara ni sehemu ya amana. Karani azitangazaye sokoni ni msaliti. Lakini fikirini habari ya karani wa mizani ya kahawa, ambaye msimamizi wake amwambia aandike kilo 47 kwa gunia lenye kilo 50. Akiandika 47, amemtii msimamizi, na amemwibia mjane aliyelibeba gunia hilo kichwani tangu alfajiri. Mizani ile ni amana ya wakulima wote waliopanga safu mbele yake. Huyo asiandike. Aseme kwanza na msimamizi kwa heshima, na kama hakusikilizwa, apeleke neno kwa walio juu yake. Ni kweli kwamba kufanya hivyo kwaweza kumgharimu mtu kazi yake, naye ana watoto. Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2015, lakini sheria haimwondolei mtu hofu yote. Kwa hiyo sisi tulio jirani tusimwache peke yake. Usharika umsifuo karani mnyofu siku ya Jumapili, na kumwacha ahangaike na karo ya watoto siku ya Jumatatu, umemtupia mzigo ambao wenyewe haukuugusa.

Ndugu zangu, nimesema juu ya mashamba, bandari na mizani, na pengine msomaji adhani kwamba yeye si bwana wa mtu ye yote. Na aingie jikoni mwake. Katika nyumba nyingi za Wakristo, hata za watu wa mshahara mdogo, yumo msichana aliyetoka kijijini, aamkaye kabla ya wote na kulala baada ya wote. Twamkabidhi mtoto mchanga, yaani twamwekea amana iliyo kubwa kuliko fedha zote zilizomo katika benki. Je, twajua jina la baba yake? Mshahara wake wa mwezi uliopita umelipwa, au twasema kwamba tunamtunzia? Ana siku ya kupumzika? Akiugua, hupelekwa hospitali au hurudishwa kwao?

Mwalimu anayenung'unika kwamba halmashauri imechelewesha haki yake, na aanze kwa kujibu maswali hayo nyumbani mwake kabla ya jua la leo kuchwa. Kisha aende kudai haki yake mwenyewe bila woga, naye atakuwa na uso wa kuidai.