Kabla Hujasimama Mbele ya Dirisha la Uhamiaji

Wanangu mnaokwenda Marekani,

Mnapokuja kuniaga huwa mmeshapata viza, na nyuso zenu zinasema kazi imekwisha. Bado. Viza inakupa ruhusa ya kufika mlangoni na kuomba kuingia, basi. Atakayeamua ni afisa wa Forodha na Ulinzi wa Mipaka aliyeketi nyuma ya dirisha pale New York, Washington au Chicago, na sheria yao inampa uwezo wa kukukatalia hata kama ubalozi ulikukubalia. Nimeishi nchi ile miaka mingi. Nimesimama nje ya milango ya wanaowasili nikiwangoja vijana wetu, na wako niliowangoja mpaka usiku wasitoke. Wengi wao hawakuwa na hatia yoyote ila maneno waliyofundishwa na wajanja wa mtaani. Nawaandikia kwa ajili hiyo, ili msikie kwa mtu asiyetaka senti yenu.

Ukaguzi wenu huanza mkiwa bado Nairobi au Dar es Salaam. Shirika la ndege likimpeleka Marekani mtu asiye na hati zinazotakiwa hutozwa faini, kwa hiyo yule binti wa kaunta anayeigeuzageuza pasipoti yako ana sababu yake, usimnunie. Jina lako, namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa hutumwa Marekani kabla ndege haijaruka, na wewe ukiwa usingizini angani, majina yanalinganishwa na orodha zao. Anayepitia Abu Dhabi ajue kwamba tangu 2014 maafisa wa Kimarekani wamo humo humo uwanjani. Ataulizwa huko, na akikubaliwa atashuka Marekani kama abiria aliyetoka mji mwingine wa nchi hiyo hiyo. Anayepanda ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza Oktoba 2018, ataulizwa New York baada ya saa zipatazo 15 angani, macho mekundu, miguu imevimba, Kiingereza kimemkimbia. Lala kwenye ndege, mwanangu. Filamu utazitazama siku nyingine.

Ukifika dirishani utapigwa picha na kuwekewa kioo cha alama za vidole. Mbele ya afisa kuna skrini, na humo imo picha uliyotoa ulipoomba viza, alama zako za vidole, na majibu uliyojaza kwenye fomu: kazi yako, nani anagharamia safari, utafikia kwa nani. Jambo la kwanza analotaka kujua ni kama mtu aliyekwenda ubalozini ndiye huyu aliyefika. La pili, kama safari uliyoieleza kule ndiyo hii uliyokuja nayo. Maswali yake ni mepesi kabisa. Unakwenda wapi? Kwa nani? Utakaa muda gani? Unafanya kazi gani kwenu? Yale majibu anayo tayari. Anapokuuliza, anasikiliza kama maneno ya kinywa chako yanakutana na yale yaliyoandikwa.

Hilo halikuzaliwa na kompyuta. Kisiwa cha Ellis, kwenye bandari ya New York, kilipokea wageni wapatao milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Wale Waitaliano, Wayahudi wa Urusi na Wapolandi walioshuka pale walikuwa wameshaulizwa maswali na makarani wa meli katika bandari walizopandia, maswali ambayo baadaye yalifika 29, na majibu yakaandikwa kwenye daftari la abiria. Kisiwani, mkaguzi alilifungua daftari lile lile akauliza yale yale. Waliofundishwa majibu walinaswa hapo. Na lilikuwapo swali lililowatoa jasho wengi: una kazi inayokungoja? Sheria ya 1885 ilikataza vibarua walioagizwa kwa mkataba, basi aliyejigamba kwamba kazi anayo alijitia mashakani. Naye aliyeonekana hana uwezo wa kujikimu aliweza kukataliwa kwa hofu kwamba angekuwa mzigo kwa serikali. Hata hivyo waliorudishwa hawakuzidi kama wawili katika kila mia. Nawakumbusha haya ili mjue kwamba wajukuu wa wale waliotetemeka kisiwani ndio leo baadhi yao wamekaa upande wa pili wa dirisha.

Sasa sikilizeni habari ya kijana mmoja wa mtaani kwetu. Jina lake nalificha. Alipata viza ya matembezi. Dirishani akasema anakwenda kumtembelea binamu yake wiki mbili. Maneno hayo yangepita. Lakini sanduku lilipofunguliwa zilikutwa nakala halisi za vyeti vyake vyote, kuanzia cha darasa la saba hadi cha chuo, zimetiwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na wasifu wake wa kuombea kazi. Afisa akavipanga juu ya meza ya chuma, kimoja kimoja, bila kusema neno. Kisha akaomba simu. Kwenye WhatsApp binamu alikuwa ameandika kwamba kazi ya ghala ipo, aje tu. Kijana akaulizwa: umekuja kufanya kazi? Akasema hapana. Akaonyeshwa ujumbe. Akasema simu si yake. Hapo ndipo alipojimaliza. Lile la kazi pekee lingeweza kumrudisha nyumbani. Uongo uliofuata ndio ulioandikwa kwenye faili lake, na faili lile limemfuata katika kila ubalozi alioukaribia tangu siku hiyo.

Nataka mlielewe hili vizuri, maana wajanja hawawaambii. Sheria ya Marekani humchukulia kila anayeomba kuja kwa matembezi kuwa ni mtu anayetaka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Afisa halazimiki kuthibitisha kwamba una nia mbaya. Wewe ndiye unayetakiwa kumridhisha. Tena tangu sheria ya 1996, afisa wa mpakani akiona huna hati sahihi au umedanganya, anaweza kukuondosha haraka bila kukufikisha kwa hakimu, na amri hiyo hukufungia njia miaka 5. Wakati mwingine, akiona hukuwa na hila, huweza kukuruhusu uliondoe ombi lako mwenyewe na kupanda ndege ya kurudi bila kifungo hicho. Lakini aliyedanganya kwa makusudi katika jambo la msingi hufungiwa maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu, nao ni mgumu kupatikana. Pimeni wenyewe. Ukweli unaokurudisha leo unaweza kukuachia nafasi ya kuomba tena. Uongo unaokuingiza leo utafukuliwa siku unapoomba kubadilisha hati, au siku unapotaka uraia, ukiwa na mke, watoto na nyumba. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na kwenye uhamiaji hukatika mahali ambapo mtu ameshajenga.

Kwa hiyo jibuni kwa ufupi na kwa kweli. Ukiulizwa utakaa muda gani, sema wiki tatu, unyamaze. Usianze kusimulia harusi ya dada yako na ugonjwa wa shangazi. Usichokijua, sema hukijui. Usitie chumvi cheo chako cha kazi. Kama ni muuza duka la mjomba wako, uwe muuza duka huyo huyo mbele ya afisa pia. Kina mama mnaokwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa, semeni hivyo hivyo: nakwenda kumwona mwanangu na mtoto wake, silipwi, narudi tarehe fulani. Neno la kulea watoto likitamkwa ovyo, masikioni mwa afisa linaweza kusikika kama ajira.

Wanafunzi, msiiweke fomu ya chuo kwenye sanduku kubwa. Iwe mkononi pamoja na pasipoti. Mwenye viza ya masomo anayefika mara ya kwanza haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya masomo kuanza. Ulijue jina la chuo chako, mji kilipo, unachokwenda kusoma na nani anayekulipia karo. Inasikitisha kumwona kijana mwenye akili akishindwa kutaja fani yake kwa sababu maombi yote alijaziwa na wakala.

Ukiambiwa upite chumba cha pili cha mahojiano, usidhani umeshahukumiwa. Wengi hupelekwa huko wakatoka. Sisi watu wa Mwambao wenye majina ya Mohamed, Ali, Omar na Abdallah huitwa huko kwa sababu jina linafanana na la mtu mwingine anayetafutwa, na ukiona linakutokea kila safari, iko njia ya kupeleka malalamiko kwa Wizara ya Usalama wa Ndani ili upewe namba ya kukutofautisha na huyo mwingine. Najua inauma kuketishwa kwenye kiti cha plastiki huku wenzako wa ndege moja wanachukua mabegi yao wanakwenda. Kaa na heshima yako. Usipige simu ndani ya chumba kile, usigombe, usilie kwa kelele, wala usimtanie afisa kwa maneno ya bomu au silaha hata kwa mzaha wa kirafiki.

Kiingereza kikikulemea, omba mkalimani wa Kiswahili. Maafisa humpata hata kwa simu. Msione haya hata kidogo. Nimesikia habari za watu waliojibu ndiyo kwa kila swali kwa kuona aibu kusema hawajaelewa, na zile ndiyo zao zikaandikwa kama kiapo. Maelezo ya kiapo husomwa tena kwako, nawe utatakiwa kutia herufi za jina lako kwenye kila ukurasa. Usitie mpaka umesikia kwa lugha unayoijua. Kama kuna kosa, lisahihishwe kwanza.

Simu yako wanaweza kuipekua. Mgeni akikataa kuifungua wanaweza kuishikilia, na kukataa kwake kunaweza kuhesabiwa katika uamuzi wa kumruhusu. Simu iliyofutwa kila kitu usiku wa kuamkia safari nayo huzua maswali. Dawa ya simu ni kuwa na safari moja tu, ile uliyoieleza ubalozini.

Na wale wenzetu waliokimbia vita na mateso, wa Kivu au wa Burundi, wajue kwamba kwenye kuondoshwa haraka fomu ya afisa ina swali la kama unaogopa kurudi kwenu. Mwenye hofu ya kweli aiseme palepale, kwa lugha yake, asingoje kesho. Asiye nayo asiibuni, kwa maana anaharibu mlango wa aliyeacha maiti nyuma yake.

Mizigo nitaipitia kwa haraka. Miraa usiiguse, ya Meru ni halali Kenya, kule ni dawa ya kulevya. Nyama, hata ile kavu aliyokufungia bibi kwa upendo, na maembe na mbegu, vitangaze kwa maafisa. Ukivitangaza watavichukua tu; ukivificha utapigwa faini. Fedha kubeba si kosa, kiasi chochote kile, lakini zikizidi dola 10,000, zako na za jamaa mnaosafiri pamoja, lazima zitangazwe.

Kuna neno moja la mwisho juu ya utaratibu wenyewe, nalo nalisema kwa moyo mzito. Sioni haki kwamba afisa mmoja, mwisho wa zamu yake, anaweza kuamua maisha ya mtu bila hakimu, na mgeni hana haki ya kuwa na wakili katika mahojiano yale. Kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia, na yetu pia ina dirisha lake. Lakini uwezo mkubwa kiasi hicho ulipaswa kuwa na jicho la pili la kuutazama palepale. Mpaka siku hiyo ifike, ninyi ndio mtakaosimama pale peke yenu.

Ukikubaliwa, usitoke uwanjani ukasahau jambo moja. Viza yako inaweza kuwa na miaka, lakini muda wa kukaa huwekwa na afisa, kwa mgeni wa matembezi mara nyingi miezi 6, na tangu 2013 rekodi ya wanaofika kwa ndege imo kwenye kompyuta. Inaitwa I-94. Aliyepitiliza tarehe yake kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka au zaidi, miaka 10. Ukishafika kwa mwenyeji wako, ukishapiga simu nyumbani mama akatulia, ingia kwenye tovuti ya serikali yao, itazame tarehe yako kwa macho yako mwenyewe, na ikiwa imekosewa, nenda ikasahihishwe wiki hiyo hiyo.